Barua ya Wazi kwa Waandaaji wa Tuzo za Filamu Kenya: Yapeni Madude Nafasi Yake

Kwa waandaaji, wadhamini na majaji wa tuzo za filamu nchini,

Waheshimiwa, pokeeni salamu zangu kutoka Kariobangi, Nairobi.

Naomba msimu ujao wa tuzo uwe na kitengo cha filamu za ajabu: za kutisha, za kisayansi, za fantasia, na zile ambazo sisi mafundi huziita tu filamu za madude. Kiwe kitengo chenye jina lake, chenye majaji wanaoijua kazi hiyo, na chenye zawadi ya hadhi sawa na vitengo vingine. Tena filamu itakayoingia humo isizuiwe kugombea Filamu Bora ya mwaka. Nimeandika hadharani kwa sababu wako vijana wengi Kayole, Githurai na Rongai wanaotengeneza filamu hizi kwa simu na kompyuta za kuazima, wala hawamjui mtu yeyote ofisini. Wanastahili kusoma kilichoombwa na kitakachojibiwa.

Mimi ni fundi wa maumbo na mavazi ya filamu. Riziki yangu hutoka kwenye matangazo ya biashara na tamthilia za runinga, ila moyo wangu uko kwenye madude. Wakati fulani mimi na wenzangu tulipeleka filamu fupi ya dude katika shindano moja. Jibu lililotufikia kwa mdomo ni kwamba kazi imetengenezwa vizuri, lakini hizo ni filamu za watoto. Turudi na kitu kizito, kitu kinachogusa jamii. Kushindwa si neno, kila mashindano yana mshindi na washinde. Sababu ndiyo iliyoniuma, na nimeisikia kwa wengi tangu siku hiyo, hata kwa watu ninaowaheshimu sana katika fani yetu.

Basi tuanze na hilo la kugusa jamii.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, kwenye bahari ya Pasifiki. Mashua ya wavuvi wa Kijapani yenye watu 23, Daigo Fukuryū Maru, ikamwagikiwa na majivu ya mlipuko huo. Wavuvi wote waliugua, na mwezi wa Septemba mwendesha redio wao akafariki. Tarehe 3 Novemba mwaka uo huo kampuni ya filamu ya Toho ikaonyesha Gojira, yaani Godzilla, filamu ya dude iliyoongozwa na Ishirō Honda, mtu aliyerudi kutoka vitani na kupita Hiroshima akajionea kilichobaki. Filamu inafunguka na chombo baharini kikiteketea kwa mwanga wa ghafla. Hakuna Mjapani aliyehitaji kuelezwa chombo hicho ni kipi.

Wanaosema ni filamu ya watoto huwa wanakumbuka mkia na moto wa mdomoni. Nawaomba mwitazame tena mwangalie waliolala chini. Kuna mama amejikunyata barabarani Tokyo, amewakumbatia wanawe huku mji ukiwaka, akiwaambia kwamba karibu wataenda kumkuta baba yao. Kuna mtoto hospitalini anapimwa mnururisho kwa kile chombo kinachotoa mlio wa tik-tik, na mpimaji anajua tayari kwamba hakuna la kufanya. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu mabomu yaiteketeze Tokyo yenyewe. Watu waliokuwa na makovu mwilini walilipa kiingilio wakaketi gizani, wakaona lililowapata likitembea kwa miguu miwili, lina uso, lina sauti. Jambo ambalo lilikuwa gumu kusemwa kwenye meza ya chakula lilisemeka pale.

Hiyo ndiyo nguvu ya dude kubwa, na ndiyo sababu halichuji. Mhalifu wa kawaida unaweza kumfunga pingu hadithi ikaisha. Dude la mita 50 halina mahakama ya kulishtaki wala polisi wa kulikamata. Mbele yake tajiri na maskini wanakimbilia barabara moja, waziri anabaki na simu mkononi, na swali pekee linalobaki ni nani alilisababisha na nani atawabeba wazee kwenye ngazi. Mhusika mkuu anakuwa mji mzima. Nairobi nayo ni mji unaotaka kuonyeshwa mzima, kuanzia Upper Hill mpaka Mukuru, ndani ya fremu moja.

Wala tusijidanganye kwamba ni mambo ya kuiga Wajapani. Mwaka 1870 Edward Steere alichapa hadithi alizozipokea kwa wasimulizi wa Unguja, na mojawapo ni ile ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anakula ndama. Watu wanakwenda kushtaki, Sultani anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anamla mnyama mkubwa zaidi, anashtakiwa tena, jibu ni lile lile. Anaanza kula watu, na jibu halibadiliki. Kila shtaka linalopuuzwa, paka anazidi kukua, mpaka siku anapowala watoto wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo mzee anakubali kwamba huyu si paka tena, ni Nunda, mla watu. Mwanawe mdogo ndiye anayeingia msituni kumsaka. Kila akiua mnyama anamleta kwa mama yake akiamini amemaliza kazi, na mama anamwambia sivyo, mwanangu, bado huyo siye.

Waheshimiwa, someni tena hadithi hiyo kama majaji wa miswada ya filamu. Kuna kiongozi asiyesikia, kuna hatari inayolelewa nyumbani, kuna raia wanaorudi na malalamiko yale yale, na kuna kijana anayelipia uzembe wa wakubwa. Ni filamu kamili ya dude, na bibi zetu waliisimulia kabla taa ya sinema haijawashwa popote duniani. Waluo wana Apul Apul wao, Wakikuyu wana irimu. Mtoto wa Kenya hulala na dude kichwani kabla hajajua kusoma.

Wakorea walilielewa hili wakapiga hatua ambayo naitamani kwetu. Mwaka 2000 ilifichuka kwamba katika kambi ya jeshi la Marekani mjini Seoul kemikali ya kuhifadhia maiti ilimwagwa kwenye mifereji inayoelekea mto Han. Mwaka 2006 Bong Joon-ho akatoa filamu ya dude linaloibuka kutoka mto huo huo na kumnyakua binti wa familia ya wauza vitafunio ukingoni. Wakorea walinunua tiketi zipatazo milioni 13. Muhimu kwenu ni kilichofuata: tuzo za Blue Dragon za Korea ziliipa Filamu Bora ya mwaka, na tuzo za kwanza za Filamu za Asia mwaka 2007 zikafanya hivyo hivyo. Majaji wale hawakuuliza kama ni ya watoto. Mwongozaji yule yule mwaka 2020 alipanda jukwaa la Oscar akaondoka na tuzo kuu.

Sisi tuna mto pia. Unatoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu ukiwa maji safi, unapita Chiromo, unaingia nyuma ya Gikomba, unapakana na Dandora, na ukifika huko umeshabeba kila tulichokitupa. Machi 2024 filamu mpya ya Gojira, ya mwongozaji Mjapani Takashi Yamazaki, ilishinda Oscar. Mwezi uliofuata mito ya Nairobi ilivunja kingo, Mathare ikalala ndani ya maji, watu wakafa na wengine wakabaki juu ya mabati wakipiga kelele usiku. Mwandishi wa filamu wa mji huu anayeyaweka hayo mawili pamoja hachezi mchezo wa watoto.

Dude letu tulilijenga kwa kuufikiria mto huo. Lilizaliwa kwenye chumba kilicho nyuma ya gereji, kutokana na sponji za magodoro kuukuu tulizozinunua Gikomba. Sponji tuliichonga kwa kisu kilichopashwa moto, maana kisu baridi huirarua badala ya kuikata. Magamba yalikuwa tyubu za tairi, zimekatwa vipande kama kucha na kubandikwa kwa gundi ya viatu, moja moja, zikilaliana kuanzia mkiani kwenda juu ili mwili ukipinda zisifunguke. Kati ya magamba tulipenyeza nyuzi za magunia, vifuniko vya chupa, nyavu na vitambaa, ili taka zionekane zimeota kutoka ndani ya ngozi. Macho ni taa za nyuma za pikipiki zilizofunikwa kitambaa chembamba. Ndani aliingia kijana mwanasarakasi. Alikuwa anapumua kupitia tundu la shingoni, na kila baada ya kipande kifupi tulimvua kichwa tukampepea kwa kadibodi, jasho likimtiririka mpaka viatuni. Mtaa wa kubomolewa tuliujenga kwa maboksi, na paa zake kwa mikebe ya rangi iliyopondwa mpaka ikawa mabati madogo yenye mikunjo yake. Mwenzetu mmoja alikaa usiku kucha akiandika majina ya vinyozi, maduka ya M-Pesa na mahoteli kwenye kuta ambazo zingeonekana kwa sekunde chache kabla ya kukanyagwa.

Nayaeleza haya ili mjue kazi hii hupimwaje, kwa kuwa jaji anayekuja na vigezo vya tamthilia ya sebuleni hawezi kuitendea haki hata akiwa na nia njema kabisa.

Jambo la kwanza la kutazama ni uzito. Mtu ndani ya vazi hutembea kama mtu. Tembo hatembei hivyo, na jengo linaloporomoka haliporomoki haraka kama boksi. Kwa hiyo kamera hunasa picha nyingi zaidi kwa sekunde, kisha zinachezwa kwa kasi ya kawaida, na mwendo unakuwa wa kitu kizito. Eiji Tsuburaya, fundi wa madoido wa Gojira, alifanya hivyo mwaka 1954, na sisi tulifanya kwa kamera ya kukodisha. Ukizidisha, dude linaonekana linaelea. Ukipunguza, linakuwa mtu aliyevaa sponji. Kupata katikati ni ufundi.

Kisha tazameni ukubwa. Nyumba unaweza kuidogosha, gari pia, lakini tone la maji halidogosheki, moshi haudogosheki, moto ni ule ule. Fundi mzuri hujua aonyeshe maji kutoka umbali gani ili matone yasimsaliti. Tazameni pia kamera imesimama wapi. Ikisimama juu ya ghorofa, dude ni picha. Ikisimama usawa wa macho ya mama mboga, dude ni hatari. Halafu kuna subira ya kutolionyesha. Mwongozaji anayemwacha mtazamaji aone tu maji yakitetemeka kwenye sufuria anastahili alama nyingi kuliko anayelimwaga lote dakika ya kwanza.

Sauti nayo ni nusu ya dude. Ngurumo ya Gojira aliibuni mtunzi wa muziki Akira Ifukube: glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu ikakwaruzwa kwenye nyuzi za fidla kubwa ya besi, kisha kurekodiwa na kupunguzwa kasi. Hakukuwa na mashine ya ajabu. Kulikuwa na sikio. Na hapa kuna habari inayotuhusu moja kwa moja. Simba wawili waliowala wajenzi wa reli pale Tsavo mwaka 1898 walitengenezewa filamu ya Hollywood mwaka 1996, na filamu hiyo ikashinda Oscar ya uhariri wa sauti. Filamu yenyewe ilipigwa zaidi Afrika Kusini. Simba wenyewe, ngozi na mafuvu, wako kwenye makumbusho ya Chicago. Hadithi ni yetu, hofu ilikuwa ya babu zetu waliolala kwenye mahema yale, na ngurumo ikapewa tuzo kwa wengine. Siwalaumu waliofanya kazi hiyo vizuri. Nataka tu na fundi wa sauti wa Nairobi awe na jukwaa la kupeleka ngurumo yake.

Najua mtasema hata wakubwa walichelewa. Kweli walichelewa. King Kong ya mwaka 1933, ambayo karibu kila fundi wa madude duniani ameisoma kama kitabu, haikuteuliwa kwa Oscar hata moja. Mfululizo wa Gojira ulisubiri karibu miaka 70 kupata uteuzi wake wa kwanza wa Oscar. Ni ukimya wa namna hiyo uliomfanya Donald A. Reed aanzishe mwaka 1972, huko Los Angeles, akademia ya filamu za kisayansi, fantasia na za kutisha, ambayo tuzo zake leo zinaitwa Saturn. Miaka minne kabla yake Sitges, mji wa pwani nchini Uhispania, ulikuwa umeanza tamasha la filamu za aina hii. Wote hao walilazimika kujenga nyumba yao pembeni. Sisi bado tuna nafasi ya kuwajengea vijana wetu chumba ndani ya nyumba kuu.

Nasema ndani ya nyumba kuu kwa makusudi, maana kitengo kinaweza pia kugeuka zizi: mnawafungia humo, mnawapa kombe lao mapema jioni, kisha tuzo za heshima zinaendelea bila wao. Japani imeonyesha njia bora. Mwaka 2017 tuzo za Akademia ya Filamu ya Japani ziliipa Shin Godzilla tuzo ya Filamu Bora. Humo dude linapanda mjini huku maofisa wakihama kutoka kikao kimoja hadi kingine wakitafuta nani mwenye mamlaka ya kuamua. Kila Mjapani alikumbuka tsunami na ajali ya nyuklia ya Fukushima ya 2011. Mwaka 2024 akademia hiyo hiyo ikaipa Filamu Bora ile ya Yamazaki.

Pesa. Najua hoja hii inakuja. Filamu ya Yamazaki iliyoshinda Oscar ya madoido ya picha ilikuwa na mafundi 35 waliotengeneza vipande 610 vya madoido, na kwa maelezo ya mwongozaji bajeti yote haikufika dola milioni 15. Kwetu hizo ni pesa nyingi kupindukia, lakini ziliwashinda wapinzani waliotumia zaidi ya hapo mara nyingi. Na Wakenya wameshathibitisha kwa pesa ndogo. Pumzi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, filamu fupi ya dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, ilifika tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2010. Kati Kati ya Mbithi Masya, inayowakusanya wafu kwenye hoteli ya nyikani, ilipata katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2016 tuzo ya wahakiki wa kimataifa, FIPRESCI. Kazi hizi za ajabu zimepeleka jina la Kenya mbali. Mnachoombwa ni kuwatafuta warithi wao kabla wageni hawajawatambua.

Watazamaji tunao. Ingieni kibanda chochote cha video mtaani siku inapochezwa filamu ya joka au mamba mkubwa, wasimulizi wa aina ya DJ Afro wakiitia Kiswahili chetu cha mtaani, muone mabenchi yanavyojaa. Wale watu wanalipa kutoka kwenye pesa ya nauli. Hawana tatizo na madude. Wanachokosa ni dude linaloifahamu barabara ya kwao.

Kwa hiyo, kwa utekelezaji, napendekeza hivi. Anzeni kwa kupokea filamu ndefu na fupi pamoja, kwa kuwa ndefu zitakuwa chache miaka ya mwanzo. Kila filamu iambatane na maelezo mafupi ya namna madude na madoido yalivyotengenezwa, ili majaji wajue kipi ni mkono, kipi ni kompyuta, na kipi kimenunuliwa tayari mtandaoni. Kwenye jopo wawepo angalau fundi wa maumbo mmoja, mtu wa sauti mmoja, na mtu wa madoido ya kompyuta. Waliokosa wapewe sababu kwa maandishi, hata kama ni sentensi tatu. Sentensi tatu za mtu anayejua zinamfunza kijana kuliko kimya cha mwaka mzima. Na mwaka ambao hakuna kazi iliyofikia kiwango, msitoe tuzo. Sisi mafundi ndio tutakaokuwa wa kwanza kuwaunga mkono, kwa sababu kombe la huruma halimsaidii mtu.

Niko tayari kuja kuwaonyesha kazi hizi, kwa gharama yangu, ofisini kwenu au ukumbi wowote mtakaoutaja, pamoja na mafundi wenzangu wa Kariobangi na Kayole. Tutaleta vazi, tutaleta sponji na tyubu, na majaji wenu wanaweza kulivaa wenyewe wakitaka. Tunaomba jibu kabla hamjatangaza vitengo vya msimu ujao, ili wanaoandika miswada sasa hivi wajue kama wamalizie.

Wenu katika kazi,

Fundi wa maumbo ya filamu,
Kariobangi, Nairobi